Mkunguni na mafundi wake: jinsi ya kuitembea Lamu na kununua kazi ya mkono

Mgeni wa Lamu huwa na mwendo unaojulikana. Hushuka gatini, hupita Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya mji, akipiga picha ya ngome hiyo, kisha hununua jahazi la mbao kwenye duka la kwanza lililomkaribisha. Jioni yake huliona jingine mtaa wa pili, limechongwa vizuri zaidi kwa bei nafuu, na aliyelichonga amekaa kando yake ana patasi mkononi. Mwongozo huu unafuata mpango mwingine: uwanja kwanza, ngome pili, mafundi baadaye, na pesa zibaki mfukoni hadi mwisho. Siku mbili zinatosha kufanya yote bila pupa. Mwenye asubuhi moja tu asome ile sehemu ya kukagua kazi, ambayo ni ndefu kwa sababu huko ndiko watu wanakoliwa pesa zao.

1. Kufika na kujiandaa

Basi la kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu, likaishia Mokowe. Hapo bara linakwisha, unapanda boti kuvuka mkono wa bahari hadi Lamu mjini. Anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda na kuvuka kwa boti vilevile. Kitambulisho kiwe karibu, si chini ya begi, kwa maana barabara ya Garsen hadi Mokowe ina vizuizi vya usalama na abiria hushushwa kukaguliwa. Gatini, uliza kama boti ni ya abiria au ya kukodi kabla hujatia mguu ndani, kwa sababu nauli zake hazikaribiani hata kidogo. Na maji yakiwa yamepwa, ngazi za gati huwa na utelezi. Usishuke na simu mkononi.

Lamu ni mji wa Waislamu na wa watu wenye haya zao. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Leso moja ndani ya mkoba itakufaa kwa jua, kwa msikiti, na baadaye kwa kufungia ulichonunua. Beba noti ndogondogo. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini bibi anayeuza kawa za kufunikia chakula hatakuwa na chenji ya elfu.

Kuhusu majira, epuka Aprili na Mei ukiweza. Ndiyo masika, vichochoro hugeuka mito midogo na maduka mengi ya wageni hufungwa. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni ya joto na watu wengi. Mimi napenda Julai na Agosti, pepo za kusi zikivuma, jua likiwa na huruma kidogo.

2. Uwanjani: kaa kwanza

Kutoka gatini ni mwendo mfupi tu, unapita kati ya nyumba na kutokea Mkunguni. Mbele yako ni ngome, miti mikubwa imetanda kivuli, na mabaraza ya mawe yamejaa wazee. Zamani bahari ilifika karibu na mlango wa ngome. Safu ya nyumba unazoziona kati ya uwanja na maji zilijengwa baadaye, ufuo ulipofukiwa. Ukilijua hilo, unaielewa ngome ilivyokaa: ilikuwa imekodolea macho vyombo vinavyoingia.

Huu si uwanja wa kutazamwa tu. Ni sebule ya mji. Hapa mtu hupewa habari za msiba, hapa siasa hupikwa na kupakuliwa, hapa hesabu za boti hulipwa. Kando ya ngome kuna soko la nyama, samaki na mboga, kwa hiyo asubuhi mikokoteni na punda hupita katikati bila kumwomba mtu radhi. Ukisikia "Pisha!" nyuma yako, usigeuke kutazama, jibanze ukutani kwanza, ndipo utazame.

Tafuta nafasi barazani na usalimie kabla ya kuketi. "Salaam aleikum" inafungua milango yote. Mzee akishajibu, ataanza kukuuliza umetoka wapi, na usimjibu neno moja kama unayehojiwa na polisi. Muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vidogo. Agiza kahawa tungu na kipande cha halua au kashata. Nusu saa hiyo, ukiwa unatazama watu wanaocheza bao na dama, utajifunza mambo ambayo hakuna kijana wa kutembeza wageni atakayekwambia: nani ni fundi wa kweli, nani analeta mali ya kuuza kutoka Mombasa, mwenye duka gani amesafiri na fundi gani anafungua karakana baada ya alasiri tu. Uliza hivi: "Mzee, nikitaka marufaa ya kuwekea msahafu, niende kwa nani?" Swali la jina la kitu humpata mtu vizuri kuliko swali la "zawadi". Ukisema unatafuta zawadi, utapelekwa kwa binamu.

Picha ni jambo la kuomba. Ngome piga upendavyo. Watu, hasa kina mama waliovaa buibui na wazee wanaocheza bao, waulize, na akikataa liishe hapo.

Nyakati nzuri ni mbili: asubuhi kabla ya jua kupanda, na baada ya sala ya alasiri hadi magharibi. Adhuhuri mji hujifungia ndani, na Ijumaa mchana usipange biashara yoyote. Ramadhani ni habari nyingine. Mchana uwanja huwa umepoa na si adabu kula wala kunywa mbele za watu, lakini usiku baada ya taraweh Mkunguni huchangamka hadi usiku wa manane, na viazi karai havina mfano. Wakati wa Maulidi, Rabiul Awwal, wageni hujaa kutoka pwani nzima kwenda Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh. Ni wakati mzuri wa kuiona Lamu, na wakati mbaya wa kutafuta chumba au bei ya chini.

3. Ngome, kabla ya duka lolote

Ujenzi wa ngome ulianza miaka ya 1810, wakati Lamu, kisiwa jirani cha Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa walipokuwa wakigombana, na ulikamilika 1821 chini ya mkono wa Oman. Watu wa Lamu waliwashinda mahasimu wao katika vita vya Shela, kijiji kilicho karibu na mji, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Maskati, mtawala wa Oman; ulinzi ulikuja, na utawala wake ukaja nao. Waingereza walipotangaza himaya yao 1895 waliikuta ngome tayari, na kuanzia 1910 ikawa jela. Serikali huru iliirithi jela hiyo, ikaendelea nayo hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Maana yake wapo wazee hapo barazani wanaolikumbuka jengo hili kama mahali ambapo hukutaka ndugu yako aingie. Ukimsikia mmoja akisimulia, funga simu usikilize.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, na raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho tena. Ndani, usiishie uani. Panda juu ya ukuta. Ukiwa huko unauona mji ulivyopangwa: mapaa yamekaribiana hadi unadhani utavuka kwa hatua moja, na vichochoro kati yake havionekani kabisa. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ni kutoka hapo juu unapoelewa kwa nini.

Ukiwa na muda, nenda Makumbusho ya Lamu, kule forodhani. Sababu yangu ya kukusukuma huko ni ya kibiashara. Humo utaona viti vya enzi, milango na mapambo ya watu waliokuwa na pesa na wakati wa kungoja kazi nzuri. Jicho lako likishashiba kazi ile, duka la mtaani halitakudanganya kirahisi. Posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 walipokuwa wameshika Witu na kufungwa 1891, ni chumba kidogo cha historia; dakika kumi zinatosha.

4. Kuwafuata mafundi

Mtaa mkuu, Usita wa Mui, unapita mbele ya ngome sambamba na bahari. Maduka yenye vitu vingi vilivyopangwa mlangoni ni ya kutazama. Karakana ni za kusikia: nyundo ndogo ya mbao ikigonga patasi ina mlio wake, mfupi mfupi, unaokatika fundi anapopuliza vumbi. Ufuate. Ukifika, simama kizingitini, piga hodi, sema "Salaam aleikum, fundi," na ungoje aitikie. Mchongaji akiwa katikati ya ua haachi, na hupaswi kumfanya aache.

Muulize anafanya nini, kwa ajili ya nani. Mara nyingi mlango ulio mbele yake si wa mtalii. Ni wa nyumba ya mtu wa Mombasa au wa hoteli ya Shela. Mafundi wengi huishi kwa oda kama hizo, na vitu vidogo vya rafuni ni kazi ya vijana wanaojifunza. Hakuna ubaya, ila bei ifanane na mkono uliochonga. Fundi akipenda mazungumzo atakuonyesha mfaa, ile nguzo ya kati ya mlango, na miimo yake, na tofauti ya nakshi ya Kibajuni, ya watu wa visiwa vya kaskazini, yenye vipande vya pembetatu vilivyodonolewa na ile ya maua na mizabibu inayohusishwa na Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi wa hati wa Lamu ambaye pia alikuwa mchongaji.

Kijana akijitolea kukutembeza, ni hiari yako. Ila elewa kwamba akikuingiza dukani, chake kimo ndani ya bei. Njia ya heshima ni kumlipa ada yake mwenyewe, mliyokubaliana mwanzo, na kumwambia kwamba kununua utarudi peke yako.

5. Kukagua kazi

Mbao. Anza na uzito na harufu, kisha nenda kwenye viungo. Geuza kitu chini juu: uso huchongwa kwa ajili ya mnunuzi, tako huchongwa kwa ajili ya fundi, na hapo ndipo uvivu huonekana. Tazama vitundu vidogo vyenye unga wa mbao. Wadudu wakishaingia, wataendelea kula sebuleni kwako. Tazama nyufa zilizojazwa gundi na vumbi la mbao, utaziona kwa rangi iliyofifia. Muulize fundi mti umekauka muda gani. Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi, na mti mbichi ukipelekwa Nairobi au Eldoret hupasuka ndani ya miezi michache, wakati mwingine kwa mlio unaokuamsha usiku.

Ukiambiwa ni mpingo, kuwa na shaka yenye adabu. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mara nyingi hubaki na mstari wa manjano hafifu pale ulipokuwa karibu na gamba. Pitisha kitambaa chenye maji mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, umepakwa rangi ya viatu. Wanyama wengi weusi wanaouzwa pwani, twiga na vifaru, hawakuchongwa Lamu hata hivyo. Ni kazi ya Wakamba, iliyoanzishwa na Mutisya Munge huko Wamunyu, Ukambani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kazi halali na nyingine ni nzuri sana, lakini usiilipie kama nakshi ya Lamu. Mimi ningechukua mwembe au mwarobaini uliochongwa vizuri kuliko mpingo wa kughushi. Mpingo wenyewe umekatwa mno.

Majahazi ya mfano yana mtihani wake. Jahazi la Lamu lina macho mawili ya duara kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, na foromali inayoshika tanga imefungwa kwenye mlingoti kwa kamba. Vuta kamba taratibu. Kama imefungwa kwa fundo, itasogea na kurudi. Kama imegandishwa kwa gundi, aliyetengeneza hajawahi kutweka tanga.

Kofia. Hiki ndicho kitu ninachokisifu kuliko vyote, na ndicho kinachodharauliwa zaidi na wageni kwa sababu ni kidogo na bei yake inashtua. Kofia ya mkono ina duara la juu na mzunguko wa pembeni, kitambaa cheupe, na nakshi yake ni mamia ya vitundu vidogo. Kila kitundu kimetobolewa na kushonewa ukingo wake, kimoja baada ya kingine. Iinue kuelekea mwanga wa mlangoni. Kofia ya mkono itaruhusu nuru ipite kwenye vitundu vyote, na ukitazama kwa makini utaona havilingani kabisa: kimoja kimebana, cha pili kimelegea, palepale mshonaji alipobadilisha uzi au alipoitwa jikoni. Kisha igeuze ndani nje. Ya mashine huwa na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua bila kukatwa; ya mkono ndani yake ni safi karibu sawa na nje. Kazi hiyo huchukua wiki, na iliyojaa nakshi huchukua miezi. Usiombe upunguziwe nusu.

Mikeka na vikapu. Nyingi hutoka Matondoni, kijiji cha wajenzi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa, ambako wanawake husuka ukili, ule utepe wa mkeka, kwa miyaa, majani makavu ya kusukia. Mkeka ni ukanda mrefu wa ukili ulioshonwa kwa kuzungushwa, hivyo udhaifu wake uko kwenye mshono, si kwenye msuko. Ukunje, uutandike, upitishe kidole kwenye mshono; usiwe na mianya. Rangi kali ya waridi na kijani hupauka juani, kwa hiyo wa kuweka dirishani uwe wa rangi ya asili.

Fedha. Masonara wa Lamu wanajulikana kwa pete zenye kipande cha kauri ya zamani ya Kichina kilichozungushiwa fedha. Ni nzuri. Ila muulize sonara kauri ameipata wapi, na akikwambia imeokotwa kwenye magofu, mwachie. Kilicho kwenye magofu ni cha magofu.

Mifuko ya tanga kuukuu huuzwa pia, imara na yenye viraka vya kweli vya baharini. Wanyama wa rangi rangi waliotengenezwa kwa ndala zilizookotwa ufuoni ni zawadi nzuri kwa watoto, na ni nyepesi. Lamu imelichukulia jambo la taka hizi kwa uzito: hapa ndipo ilipojengwa ile mashua ya plastiki na ndala iliyoshushwa majini mwaka 2018.

6. Vya kuacha dukani

Pembe za ndovu, gamba la ng'amba na kitu chochote kilichotengenezwa kwa kasa: usiguse, usiulize bei. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali na hakuna afisa atakayekuelewa. Makombe makubwa ya baharini nayo yaache. Yanayouzwa mengi yamevuliwa yakiwa hai.

La pili watu hawalijui. Sheria ya Kenya kuhusu malikale inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo muuzaji akikunong'oneza kwamba sanduku hili ni la babu wa babu yake, ama anakudanganya na unalipia uzee wa uongo, ama anasema kweli na anakutafutia kesi. Kwa vyovyote, sema ahsante na utoke. Nyumba nyingi za mji huu zimekwisha kuvuliwa milango yake kwa njia hiyo.

7. Bei

Usitaje bei kwanza. Sifia kazi mahali inapostahili, taja kasoro uliyoiona bila dharau, kisha uliza. Bei ikitajwa, kaa kimya kidogo. Ukimya wa barazani hufanya kazi kuliko maneno mengi. Kisha: "Fundi, nipunguzie, nimetoka mbali." Atacheka, atashusha kidogo, utaongeza kidogo. Kwenye duka la mchuuzi shindana hadi uridhike. Kwenye karakana, mbele ya aliyechonga, ombi moja la kupunguziwa linatosha. Akishasema bei ya mwisho, lipa au uage kwa uzuri. Kununua vitu viwili kwake kunashusha bei kuliko kubishana juu ya kimoja. Ukitaka kitu cha oda, toa sehemu ya pesa, andikisha vipimo kwenye karatasi, na ongeza wiki mbili kwenye tarehe atakayokupa.

8. Kufunga na kuondoka

Omba gunia na magazeti ya zamani sokoni, yapo mengi. Pembe za masanduku zifungwe kwanza, nakshi baadaye. Mlingoti wa jahazi ulalishwe ukiweza, usiondoke umesimama. Ndege ndogo za Manda zina mpaka wa mizigo, na kiti cha enzi hakitapanda. Kitume kwa basi kutoka Mokowe, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za mzigo, na uchukue risiti. Mzigo mzito utapelekwa gatini na mwenye punda au mkokoteni. Malipo mkubaliane Mkunguni, si gatini. Ndani ya boti weka mbao katikati, mbali na ukingo, kwa sababu maji ya chumvi huacha madoa meupe juu ya mti usiopakwa mafuta. Ukifika nyumbani usikiweke juani wala karibu na jiko. Kikae kivulini majuma machache, kisha ndipo ukipake mafuta ya nazi au ya kitani, safu nyembamba, kwa kitambaa kikavu.